Shati la Ijumaa

4 Machi

Mama Chiriku,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kuulizana afya. Mimi nitaruka hapo. Najua u mzima, ila umekonda kidogo. Kula, tafadhali. Usifanye ule mtindo wako wa kumalizia ukoko wa mtoto ukauita chakula cha mchana.

Kazi ni ileile niliyokuambia, mitambo ya serikali. Nafuta, nakaza, nabadilisha nyaya. Simu zetu zimebaki getini mpaka mkataba uishe, na ruhusa ya kuja nyumbani bado iko mbali. Barua hawajazikataza. Nadhani wamesahau kwamba kuna watu bado wanaandika.

Kitanda cha hapa ni chembamba kama benchi, lakini bado nalala upande wangu na nafasi yako naiacha. Asubuhi najikuta nusu ya mwili iko nje. Wenzangu wananicheka, wanasema huyu analala na mzimu. Waache wacheke.

Mwambie Chiriku asishuke ule mteremko wa kwenye mtaro na baiskeli bila kushika breki. Na wewe ile kamba ya tatu imelegea, mashuka ya watu yatafagia vumbi. Mwombe fundi baiskeli aikaze, usipande kwenye ndoo mwenyewe.

Nimekukumbuka mno.

Mumeo,
Baba Chiriku


15 Machi

Baba Chiriku,

Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama, mara ya tatu nikakaa. Nina maswali, na safari hii usinijibu kwa mzaha.

Umesema nimekonda. Ni kweli nimekonda. Nani kakuambia? Baiskeli ya Chiriku imekuja Februari, wewe uliondoka Desemba. Fundi baiskeli, yule jirani wa ng'ambo ya barabara, ndiye aliyemuungia kwa vyuma vyake vilivyobaki. Sikukuandikia makusudi, nilitaka uje uikute. Na kamba ya tatu imelegea mwishoni mwa Februari tu. Nimemuuliza dada yako, ameapa hajakuandikia neno, na unamjua wifi yangu, hawezi kudanganya bila kucheka.

Kama umemweka mtu anichunge, mwambie mtu huyo aje na beseni lake, kazi ipo. Ninafua tangu asubuhi, ninaanika mchana, ninapiga pasi jioni. Nafasi ya kukufanyia hayo unayoyawaza naitoa wapi? Dobi hana siri, bwana. Nguo zake zote ziko kambani, watu wanapita wanaziona.

Huku hakuna jipya kubwa. Lile lori lililomgonga muuza magazeti likakimbia limepatikana. Wanasema ni ile kamera waliyoifunga juu ya nguzo ya njia panda kabla hujaondoka, ndiyo iliyoshika namba. Muuza magazeti anatembea kwa mkongojo lakini ameanza kulipwa haki yake, na watu wanaisifia nguzo kama binadamu. Habari nyingine ni kwamba wanataka kuuchukua uwanja wa wazi waufanye maegesho ya malori. Wakazi wameanza kukutana kila Jumamosi kwa fundi baiskeli kulijadili. Mimi siendi, Jumamosi nina pasi.

Chiriku anaongea tangu anapoamka mpaka usingizi unapomkatiza katikati ya neno. Jino la mbele limetoka.

Sasa nijibu. Nani anakuambia mambo ya nyumba yangu?

Mkeo,
Mama Chiriku


27 Machi

Mke wangu,

Hakuna mtu. Ni mimi. Ninakuona.

Nilipokuambia mitambo ya serikali sikudanganya, niliikatisha tu sentensi mapema. Uliolewa na fundi wa tivii, na ndiyo kazi ninayofanya huku. Ni ukumbi usio na dirisha, ukuta mzima umejaa skrini, na kila skrini ni macho ya kamera moja mahali fulani nchini. Mbele yake wamekaa watazamaji. Mimi si mtazamaji, mimi natengeneza kinachoharibika na kufuta vumbi. Skrini ya njia panda yetu iko safu ya chini, upande wa kushoto. Haijaharibika hata mara moja, lakini katika ukumbi mzima hakuna inayofutwa vumbi kuliko ile.

Nawaona. Nakuona ukibana kibanio mdomoni huku umeshika shuka. Namwona Chiriku akimhadithia fundi baiskeli jambo, mikono inaruka, mdomo haupumziki. Hakuna sauti. Mtoto tuliyempa jina la ndege kwa ajili ya kelele zake, kwangu mimi ni bubu. Siku ya kwanza kumwona hivyo nilikwenda chooni nikalia, nikarudi nikasema vumbi la mitambo limeniingia machoni.

Jino sikuliona. Nguzo iko mbali kidogo kwa jino.

Nimetia saini kwamba sitasema nafanya nini hapa, na macho haya si ya kutazamia wake zetu. Ikijulikana si kufukuzwa tu, ni kufungwa. Hata dada usimwambie. Barua hii ukishaisoma ichome, na zitakazokuja uchome.

Nilitakiwa kukuambia mapema. Niliogopa ungeniambia niache kutazama.

Mumeo


8 Aprili

Baba Chiriku,

Nimeichoma. Kabla ya kuichoma nilifunga dirisha. Kisha nikalifungua. Kisha, ucheke ukitaka, nikachana nywele.

Siku mbili nimetembea uani kama bibi harusi anayepigwa picha. Nimeinua beseni kwa madaha mpaka maji yakanimwagikia miguuni. Wifi ananiuliza, wewe una nini, mbona unaitazama ile nguzo unatabasamu? Nikamwambia kuna ndege.

Tangu Desemba nakuwaza uko mahali nisipopajua, sina hata picha ya ukuta wa kukuegemeza. Kumbe unasimama mbele yangu na kitambaa mkononi! Basi niambie unakuwa pale lini, ili nisimame. Hapana, kusimama watu watauliza. Ngoja, mimi ni dobi. Nani atamuuliza dobi kwa nini ameanika?

Nisikilize. Shati lako la bluu, lile la mifuko miwili ulilosema linakubana, nitalianika kamba ya kwanza mwanzoni kabisa, karibu na barabara. Maana yake nimekukumbuka. Gauni la njano la Chiriku likifuata, mtoto mzima. Ukiona taulo jekundu badala ya shati, kuna tatizo, niandikie haraka. Nitajie siku tu.

Swali moja dogo. Hiyo kamera yenu inaona mpaka wapi?

Mkeo aliyechana nywele


20 Aprili

Mke wangu,

Nimeliona! Ijumaa mchana ndiyo zamu yangu ya kusafisha safu ile, na barua yangu ya haraka naona ilikuwahi. Shati lilikuwa mwanzoni kabisa, upepo umeinua mkono mmoja kama mtu anayepunga. Gauni la njano pembeni yake. Nilifuta kioo kile mpaka Miwani akaniuliza kama nataka kukitoboa.

Miwani ndiye mtazamaji wa safu hiyo. Si mtu mbaya. Mwezi uliopita mtoto alipotea sokoni katika mji mmoja, Miwani akamfuata skrini kwa skrini mpaka akamwona amekaa nyuma ya magunia, na mama yake akapelekwa mpaka pale. Ukumbi mzima tulipiga makofi. Siku kama hiyo natoka kazini nimenyoosha mgongo. Mkuu wetu anapenda kusema asiye na cha kuficha hana cha kuogopa, na siku hiyo nilimwamini kabisa.

Umeuliza inaona mpaka wapi. Inaona njia panda, kibanda cha fundi baiskeli, kamba zako zote, na mlango wa uani pamoja na ule wa bafu. Ukitoka na taulo mimi nageuza uso. Wengine sijui.

Ijumaa mbona inachelewa hivi siku hizi.

Mumeo


2 Mei

Baba Chiriku,

"Wengine sijui." Maneno mawili tu, na yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Tuanze na Chiriku. Uliona taulo jekundu, najua uliruka. Ilikuwa homa, na ilikuwa wiki ile ya mvua kubwa, mpaka mkutano wa uwanja wakauahirisha. Amepona. Sasa anamfundisha muuza magazeti namna ya kutembea na mkongojo.

Sasa tuje kwangu. Kuna siku moja Januari nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa uani nikalia. Nilikuwa nimeunguza suti ya mteja kwa pasi, lakini sikulia kwa ajili ya suti. Nilingoja Chiriku aende shule, wifi aende sokoni, nikachagua wakati ambao hakuna mtu, kwa sababu nilitaka kulia peke yangu. Ulikuwepo? Kama ulikuwepo, kilio changu ulikichukua bila kuniomba. Na kama hukuwepo, basi alikuwepo Miwani, ambaye simjui, naye alikuwa labda anakunywa chai.

Mwambie mkuu wenu hata mimi sina cha kuficha, lakini nikioga nafunga mlango.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi jioni? Nyumba ni yako, kitasa umekifunga mwenyewe, na bado ulikuwa unapiga hodi. Nilikuwa nakucheka, nakuuliza nani anapiga hodi kwake. Ukaniambia nyumba ina mtu ndani. Siku ile ulinipata moja kwa moja. Sasa ninyi mko humu ndani saa zote, na hakuna hata mmoja aliyesema hodi. Lori lishikwe, mtoto apatikane, sikatai, mimi ni mama. Lakini kati ya lori na mlango wa bafu langu kuna umbali, na sijui nani anaupima.

Tangu uliponiambia, nikiwa nimesimama pale nasimama kwa ajili yako, ni mkeo. Kabla hujaniambia, miezi yote ile, nilikuwa nani?

Nimekasirika. Na Ijumaa nitaanika shati, kwa sababu nikiliacha sandukuni naona kama nimekufungia nje. Moyo hauna adabu.

Mkeo


13 Mei

Mke wangu,

Hii ni fupi. Usianike shati tena, wala gauni, wala taulo. Anika za wateja tu, na kila siku kwa mpangilio wa ovyo.

Miwani ameligundua. Amechapisha picha za kamba zako, amezibandika ukutani kwa mfululizo. Kila Ijumaa shati la bluu lipo, na kila Jumamosi yake watu wamekutana kwa fundi baiskeli. Wiki ya taulo jekundu hawakukutana. Anasema ni mawasiliano. Anasema dobi ndiye anayewapa ishara wapinzani wa maegesho, na fundi baiskeli ndiye kiongozi. Mkuu amempa mkono mbele ya wote, na mimi nilikuwa nyuma yao nimeshika kitambaa cha kufutia. Kinachoniuma ni kwamba Miwani hajakosea kabisa. Ni ishara kweli. Ila amekosea inamwendea nani.

Ulitaka kujua kuhusu Januari. Nilikuwepo. Nilikaribia skrini mpaka pumzi yangu ikaitia ukungu, nikaifuta, ukawa umeshaingia ndani. Nisamehe hilo kwanza, haya mengine tutayaona.

Choma.

Mumeo


21 Mei

Kaka,

Ni mimi dada yako. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Wamemchukua wifi. Walikuja Jumanne, gari mbili, watu wamevaa kawaida tu. Fundi baiskeli walimchukua saa hiyohiyo, mkono mmoja bado una grisi. Wifi aliwaambia wangoje, akazima pasi, akaniambia suti ya mwalimu iko tayari, nisimpe mtu mwingine. Ndivyo alivyoondoka. Chiriku hajasema neno tangu juzi. Nyumba imekuwa kimya, sijawahi kuisikia hivi.

Wameniruhusu kumpelekea nguo. Amenieleza kwa kunong'ona wanachomuuliza. Kaka, wanamuuliza mashati yanasemaje! Eti shati la bluu maana yake nini, gauni la njano maana yake nini, nani alikuwa anatazama. Nikacheka, nikidhani wifi ataniunga mkono. Hakucheka. Nikamwambia waambie basi ni shati la kaka, limefuliwa, limeanikwa. Akasema, "Sina la kusema, wifi. Nikisema namtosa mtu." Kuna kitu anakilinda. Sijui ni kitu gani na sitaki kujua, ila kinamweka kule ndani.

Barua yako kwake ilifika siku moja baada ya kuchukuliwa. Sijaifungua, si yangu. Jana walirudi kupekua. Walipekua hadi ndani ya unga, walipekua mto wa mtoto. Barua nilikuwa nimeikalia. Walinisalimia kwa heshima, mama usisumbuke, kaa tu. Nikakaa.

Kama kuna mtu mkubwa unayemfahamu huko serikalini, huu ndio wakati.

Dada yako


29 Mei

Mke wangu,

Barua hii naiweka mikononi mwa dada, akupe siku utakayotoka. Utatoka. Nimesema.

Niliposoma kwamba umekataa kuwaambia, nilimwona yule mtu unayemlinda, na nikamwonea haya. Asubuhi nilikwenda kwa Mkuu na kitambaa changu begani. Nikamwambia shati la bluu ni langu, na anayepelekewa ishara ni mimi.

Alicheka. "Fundi, nenda kapumzike." Nikamweleza Ijumaa, nikamweleza homa, nikamweleza gauni la njano. Akaacha kucheka akaanza kunitazama kama kifaa kilichoharibika. "Hiyo ni hadithi nzuri," akasema. "Mume yeyote angetunga hadithi kumwokoa mkewe. Uthibitisho uko wapi?"

Uthibitisho nilikuwa nao, chini ya godoro. Nilikuambia uchome zangu. Zako sikuweza.

Mama Chiriku, niliwapa. Barua zako tatu. Hakukuwa na njia nyingine, na nimeitafuta. Walizisoma kwa sauti mezani, Mkuu, Miwani na wawili nisiowajua, kwa zamu, kama watoto wa darasa. Kwenye kuchana nywele walicheka. Kwenye beseni walicheka. Kwenye mlango wa bafu hakuna aliyecheka. Zamu ya ngazi ya Januari ilimwangukia Miwani, akafika kwenye jina lake na chai yake, akavua miwani akasema macho yanamuuma, amalizie mtu mwingine. Mkuu ndiye aliyemalizia. Alisoma "moyo hauna adabu" kwa sauti ileile anayosomea taarifa za magari.

Maneno uliyoniandikia mimi peke yangu sasa wanayo watu wanne. Nilikuona bila kukuomba, na mwishoni nikakutoa bila kukuomba. Najua.

Wewe wanakuachia. Mimi nimevunja kiapo, nitakaa ndani kwa muda walioupanga. Wamenipa karatasi hii kwa sababu Miwani ameniombea.

Nilimuuliza Mkuu kuhusu fundi baiskeli. Akasema huyo si habari yangu.

Mumeo


17 Juni

Baba Chiriku,

Niko nyumbani. Chiriku amerudi kuongea. Siku ya kwanza alinieleza yote yaliyotokea nilipokuwa sipo, bila kupumua, mpaka wifi akamwomba amwachie nafasi ya kukohoa.

Kule hawakunipiga. Waliniuliza tu, wakatoka, wakaja wengine wakaniuliza upya. Nilijua nikikutaja umekwisha, kwa hiyo nilikaa kimya, na kimya changu wakakiandika kama kosa la pili. Halafu siku moja akaingia mmoja mwenye sauti ya upole, akavuta kiti akasema, "Moyo hauna adabu, eh, mama?"

Nilijua umezungumza. Nilifurahi na nikaona aibu kwa pamoja, sikujua nishike uso au nishike moyo. Neno lile nililiandika usiku mtoto amelala, halikuwa la mtu yule. Sasa kila nikitaka kukuandikia jambo tamu namwona amevuta kiti chake pembeni. Hata hapa yupo. Ndiyo maana barua hii ina chumvi kuliko sukari.

Nimezisoma zako zote mbili, ile wifi aliyoikalia na ile ya mwisho. Kwa hiyo ulikuwepo Januari. Nimekaa na jambo hilo wiki nzima. Nataka kukuchukia, lakini najikuta nawaza ulivyoifuta ile pumzi kwenye kioo. Unanichosha, mume wangu.

Fundi baiskeli hajarudi. Kibanda chake kimefungwa, baiskeli za watu zimo ndani. Mimi nilikuwa na mtu ndani wa kunisemea. Yeye kosa lake ni kukutana na majirani kuhusu uwanja, na mbele ya nyumba yake kuna dobi anayemkumbuka mumewe. Mkewe ananiletea nguo nifue na hanisemi, na mimi siwezi kumtazama machoni. Nimesimama naye mahakamani. Tumekwenda wakazi wengi, hata muuza magazeti na mkongojo wake. Hatujaomba nguzo ing'olewe, muuza magazeti mwenyewe asingekubali. Tumeomba kamera isiangalie milango ya watu. Tumeomba ijulikane nani anatazama, na anayetaka kumfuatilia mtu akaombe kwanza kwa hakimu na kueleza kwa nini. Hakimu ameandika sana. Ametupa tarehe nyingine.

Shati lako liko sandukuni. Bado nina hamu nawe mpaka mifupa inauma, nalisema waziwazi na huyo mwenye kiti asikie. Lakini sikuahidi kitu. Ukitoka, usije kama mwenye nyumba. Piga hodi kama mgeni. Mara ya tatu nikiwa kimya, rudi ulikotoka, na usichungulie dirishani.

Mama Chiriku


9 Septemba, mlangoni

Mke wangu,

Nakupitishia hii chini ya mlango.

Nimetoka juzi, na basi limenishusha sasa hivi. Nimepiga hodi mara mbili. Hukuitika. Upo, kwa sababu namsikia Chiriku anaongea, na dada anamwambia shh. Mama Chiriku, namsikia! Miezi yote ile niliona tu mdomo. Anasema "baba ana mfuko mdogo, amekonda." Basi yeye ndiye anayechungulia, si mimi.

Mimi nimeupa mlango mgongo. Nimekaa kwenye ile ngazi, naangalia barabara. Kibanda cha fundi baiskeli kimefunguliwa nusu, mke wake ndiye anayeziba pancha. Kamera wameigeuza kidogo, ila ngazi hii bado inaiona. Leo niliye kwenye skrini ni mimi, na mtu fulani huko ananifuta vumbi.

Hodi ya tatu sijaipiga. Nikiipiga ukanyamaza, uliniambia nirudi nilikotoka, na sina pa kurudi ambapo wewe haupo. Nitakaa nayo hapa mpaka utakapotaka kuisikia. Ukitaka jioni, ni jioni. Ukitaka kesho, ngazi hii naifahamu sasa, ni baridi kidogo, nadhani uliwahi kunieleza.

Baba Chiriku


(nyuma ya karatasi hiyohiyo)

Ya Januari ilikuwa baridi zaidi.

Piga hiyo ya tatu, wewe mwanamume, mtoto ameshajilaza chini anakutazama viatu kwa uwazi wa mlango na mimi nimeshika kitasa mkono umekufa ganzi.

Vua viatu. Nimepiga deki.